Deni la Plagi

Tuliondoka Tegal Ijumaa, watu wakitoka msikitini,
skuta nne na moshi wa samawati nyuma yetu:
Casmudi mbele, kwa kuwa taa yake ndiyo inayowaka,
Khaeruman na mkewe Daryati, sufuria ya wali mapajani,
Tarjono asiyeamini ramani,
na mimi, Wartini, fundi cherehani,
juu ya Vespa ya mwaka sabini na nne
niliyoachiwa na mjomba pamoja na madeni yake.

Malang ni mbali. Kwa basi ni usiku mmoja.
Kwetu sisi ni mgongo, makalio, viganja;
ni kusimama kila mara kukoroga petroli na oili
kwenye chupa ya soda,
Tarjono akipima kwa jicho, akiapa jicho halidanganyi,
Daryati akijibu kwamba hata yeye alichagua mume kwa jicho,
na angalieni.

Baada ya Semarang malori yalitubana pembeni.
Mabasi yakapita kama ugomvi wa majirani:
kelele, mwanga, kisha giza unaloachiwa wewe.
Hamsini kwa saa. Mwenda hamsini huona vitu:
mwanamke akianua nguo saa nne za usiku,
mvulana akimfundisha dada yake baiskeli
chini ya taa za kituo cha mafuta.

Ngawi, msitu wa misaji, saa tano na ushei,
Vespa ikakohoa mara mbili, ikanyamaza
anyamazavyo mtu aliyeishiwa hoja.
Wenzangu hawakusikia. Taa zao nyekundu
zikamezwa na kona, moja, moja, moja.
Nilipiga kiki hadi unyayo ukafa ganzi.
Plagi nyeusi tii, kaure yake imepasuka.

Akasimama mtu. Skuta rangi ya bizari, haina kioo,
ndoo tatu za kambare hai zimefungwa nyuma.
Hakuuliza natoka wapi.
Alitoa plagi ndani ya soksi kuukuu, akaipuliza,
akaikaza kwa vidole, kisha kwa spana,
akapiga kiki moja. Ikaitika.
Nikatoa pesa. Akacheka, kambare wakarusha maji.
"Siuzi. Ukimkuta aliyekwama, mpe ya kwake."
Jina sikulipata. Nilibaki na harufu:
sigara ya karafuu, na tope.

Batu, uwanja kati ya mashamba ya matufaha:
skuta ndefu kama ngazi, skuta zilizovishwa mafuvu ya ng'ombe,
moja ina kitanda, na mwenyewe kalala.
Casmudi alishinda oili kwenye bahati nasibu
akailia kama mtoto aliyezaliwa jana.
Tulilala juu ya turubai, umande ukatulowesha hadi nguo za ndani.
Nikiulizwa, nitasema ilifana.
Ila mimi nilikuwa kwenye vibanda vya vipuri,
nikanunua plagi mpya, ndani ya kiboksi chake.
Nikarudi, nikaongeza ya pili.

Jumapili niliongoza mimi, macho kando ya barabara.
Nganjuk, hakuna. Madiun, hakuna.
Kwenye ule msitu nikapunguza hadi thelathini.
Mungu anisamehe: niliomba mtu aharibikiwe.
Si sana. Plagi tu. Na mvua iwe haijaanza.
Mmoja nilimwona kweli, skuta imeegeshwa, kainama;
nikafunga breki, moyo kooni.
Alikuwa anakojoa.

Tegal, saa kumi alfajiri. Nikazima injini,
masikio yakaendelea na safari.
Daryati alisahau mfuniko wa sufuria kwangu, hajaufuata.

Plagi zimo kwenye droo ya cherehani,
pamoja na vifungo na bobini. Nikitafuta sindano hugongana.
Na kila skuta inapopita nje
naondoa mguu kwenye pedali,
nasikiliza kama itakohoa.